Helikopta ya raba bendi na siku 21 za kumsubiri mama

Helikopta za plastiki wanazouza wamachinga kwenye stendi zetu zina mambo mawili yanayonisumbua mimi kama mwandishi wa habari za afya. La kwanza ni betri. Baadhi ya vitu hivi vya kuchezea hutumia betri bapa, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye njia ya chakula, inaweza kumuunguza ndani kwa ndani katika muda wa saa mbili tu. Hilo si jambo la kusubiri kupambazuke. Mzazi anatakiwa kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

La pili ni kwamba mtoto hana kazi yoyote ya kufanya. Anabonyeza, inapaa, inagonga ukuta, inavunjika. Fedha ya maharage ya wiki nzima imekwisha, na mtoto amerudi kwenye simu.

Iko helikopta nyingine. Haina betri wala rimoti, na vitu vyake vingi mnavyo nyumbani: ufito wa mwanzi, chupa tupu ya maji, klipu ya karatasi, shanga moja, kipande cha bati la kopo, karatasi na raba bendi mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilitengeneza kadhaa Ngara, pamoja na mpwa wangu wa miaka tisa. Leo nawaandikia jinsi inavyotengenezwa, na sababu ya kuihesabu kuwa sehemu ya malezi na afya ya mtoto.

Mpwa wangu anaishi na bibi yake, mama yangu, hapo Ngara. Wakati huo alikuwa ameanza darasa la tatu. Mama yake, wifi yangu, anafanya kazi ya afya Biharamulo na huja kumwona kila mwisho wa mwezi. Kaka yangu ni dereva wa lori, na wiki nyingi yuko njiani kati ya Rusumo na Dar es Salaam.

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika Biharamulo. Siku chache baadaye wifi akapiga simu. Kwa sababu ya kazi yake, jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya watu wa kufuatiliwa. Hakuwa mgonjwa. Lakini dalili za Marburg zinaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza tangu mtu alipoambukizwa, hivyo kwa siku zote hizo alitakiwa kupimwa joto, kukaa mbali na watu na kutosafiri. Mwisho wa mwezi usingekuwa na mgeni.

Tulidhani mtoto tumemwambia kidogo tu. Kumbe redio ilikuwa imemwambia mengine, na wenzake shuleni wakamalizia: "Mama yako amefungiwa." Akawa mkimya. Akirudi shule anaomba simu yangu na kutazama video za helikopta mpaka giza linaingia. Asubuhi analalamika tumbo.

Huku kwetu tumbo la mtoto halichukuliwi kwa mzaha. Tulimpeleka zahanati kwanza, akapimwa malaria, hakuwa nayo, na mganga hakuona ugonjwa mwingine. Mama akamtazama akasema, "Huyu si tumbo. Huyu ana mawazo."

Alisema kweli. Hofu ya mtoto mara nyingi hupitia mwilini: tumbo, kichwa, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, kushtuka usingizini. Mtu mzima husema "nina wasiwasi". Mtoto hana maneno hayo, au anayo lakini anaogopa kuyasema kwa kuwa ameona wakubwa wenyewe wananong'ona.

Usiku huo wifi akapiga tena. "Wifi, usinidanganye," aliniambia. "Mwanangu analala?"

"Analala," nikamjibu, "ila anaamka."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtafutieni kitu cha kufanya. Asikae anahesabu siku."

Kesho yake jioni nilimkuta kwenye video zake. Akauliza bila kuinua macho, "Shangazi, hii inapaa na nini?" Nikamwambia tuizime simu, tutengeneze yetu tuone.

Sasa mzazi, kama unataka kujaribu, fuata hivi. Kazi ya wembe, bati na kutoboa ni yako. Mengine mwachie mtoto.

Mwili: Chukua ufito mkavu wa mwanzi, urefu wa sentimita 20 hivi, unene wa njiti mbili za kiberiti zikiwekwa pamoja. Usiwe mzito, na usiwe mlaini wa kupinda mpira ukivuta.

Shingo: Kata bati la kopo, kipande chembamba cha sentimita tatu, ukikunje kama herufi L. Sehemu ndefu ifunge kwa uzi kwenye ncha ya juu ya ufito. Sehemu fupi ichomoze pembeni, uitoboe tundu dogo.

Ekseli: Nyoosha klipu ya karatasi, kata sentimita tano. Ncha moja ikunje iwe ndoano. Ncha iliyonyooka ipitishe kwenye tundu la bati kutoka chini kwenda juu, halafu vesha shanga. Shanga inafanya kazi ya bearingi: bila hiyo, pangaboi litasugua bati na nguvu nyingi itaishia hapo.

Pangaboi: Kata mabawa mawili kutoka ubavuni mwa chupa nyembamba ya maji, kila moja urefu wa sentimita saba na upana wa mbili na nusu. Tafuta kijiti cha sentimita nne, kitoboe katikati, kisha pasua ncha zake mbili na upachike bawa kila upande. Mabawa yasilale bapa. La kulia likiinua ukingo ulio upande wako, la kushoto liinamishe wake, kama pangaboi la darini. Pitisha waya kwenye tundu la kijiti, ukunje juu yake na utie gundi, ili waya na pangaboi vizunguke pamoja.

Mpira: Chini ya ufito funga ndoano nyingine ya waya. Unganisha raba bendi mbili na uzitundike kutoka ndoano ya juu hadi ya chini. Zisilegee mno, na zisivutike kabla ya kusokotwa.

Karatasi: Kata karatasi ngumu kidogo, kama jalada la daftari, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ibandike kwenye nusu ya chini ya ufito bila kugusa mpira.

Gundi ikikauka, shika mwili kwa mkono mmoja, sokota pangaboi kwa kidole mara 30 au 40, ielekeze juu na uachie mikono yote miwili kwa pamoja. Ikipuliza upepo kwenda chini, umesokota sawasawa. Ikijivuta kuelekea ardhini, sokota upande wa pili.

Yetu ya kwanza haikupaa. Mtoto alikuwa ametaka mabawa ya chupa ya soda kwa sababu yana rangi ya kijani. Ikazunguka, ikatikisika kama kuku anayekung'uta maji, ikaanguka. Akaiokota, akaipima kiganjani, kisha akachukua kipande cha chupa ya maji akakipima kwenye kiganja cha pili. "Hii ya kijani ni nzito," akasema. Hakuna aliyemwambia.

Akakata mabawa mapya. Safari hii ilipanda mpaka usawa wa bega la bibi yake, ambaye alikuwa anachambua maharage. Mama akaacha ungo. "Rudia," akamwambia, "sikuona vizuri."

Kuanzia jioni ile alikuwa na daftari. Upande mmoja aliandika idadi ya mizunguko, upande mwingine helikopta ilipofika. Mizunguko 30: bega la bibi. Mizunguko 50: ukingo wa paa. Mizunguko 70: juu ya jani la mgomba. Mizunguko 90: mpira ulikatika. Siku tatu zilizofuata hakulalamika tumbo asubuhi. Sisemi helikopta ilimponya. Nasema alikuwa na jambo la kuamkia.

Aliuliza karatasi ni ya nini, kwa kuwa aliona kama pambo tu. Nikamwambia aing'oe ajaribu. Bila karatasi, ufito wenyewe ulizunguka kwa kasi upande wa kinyume na pangaboi, na helikopta ikapanda kidogo tu. Ndivyo ilivyo: pangaboi likisukumwa kulia, mwili nao unasukumwa kushoto. Karatasi inakamata hewa, inauzuia mwili usizunguke ovyo, na nguvu ya mpira inabaki kwa pangaboi. Helikopta kubwa zina shida hiyo hiyo, ndiyo maana nyingi zina pangaboi dogo mkiani. Alikimbia kurudi kwenye video zake kulitafuta pangaboi la mkiani, akaliona katika kila moja. Simu ile ile sasa alikuwa anaitazama akiwa na swali.

Mchezo huu una historia ndefu. Mwaka 1870 kijana wa Ufaransa aitwaye Alphonse Pénaud alitengeneza helikopta ndogo ya kuchezea inayoendeshwa na mpira uliosokotwa. Mwaka 1878, huko Marekani, askofu mmoja, Milton Wright, alirudi nyumbani kutoka safarini na kuwapa wanawe wawili mchezo wa aina hiyo, wa mwanzi, kizibo na karatasi. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliuchezea mpaka ukavunjika, wakatengeneza wao wenyewe mwingine na mwingine. Desemba 17, 1903, ndugu hao wawili walirusha ndege yenye injini na mtu ndani yake. Ruko la kwanza lilidumu sekunde 12.

Nilikuwa nasimulia huku tukifunga uzi. Nikaongeza jambo dogo ambalo lipo katika historia yao: helikopta yao ile waliipa jina la popo.

Mikono ya mtoto ikasimama. "Popo? Wale wanaoleta ugonjwa?"

Nikasema ndiyo, jina ni hilo hilo.

Akarudi kwenye uzi wake. Baada ya muda, bila kunitazama, akauliza, "Shangazi, kwa hiyo popo ndio wamemfungia mama?" Halafu yakatoka mengine kwa mfululizo. Kama mama atakufa. Kama yeye ndiye aliyemletea, kwa kuwa Desemba aliokota embe lililoliwa na popo. Kama ni kweli wavulana wa shuleni wakiwaua popo wote kwa manati, ugonjwa utaisha.

Nilimjibu moja moja, kwa kadiri ninavyojua kwa kazi yangu. Virusi vya Marburg hukaa kwa popo fulani wala matunda, hasa wanaoishi mapangoni na kwenye migodi. Mtu anaweza kuambukizwa akikaa sana katika maeneo hayo, na baada ya hapo ugonjwa hupita kutoka mtu hadi mtu kwa kugusa damu na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au aliyefariki, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Embe lako la Desemba halikumfanya mama awekwe kwenye orodha. Ni kazi yake ndiyo iliyomfanya awekwe. Anapimwa kila siku ili kama kuna dalili ionekane mapema na asaidiwe. Amefungiwa ili alindwe, na ili awalinde wengine. Tunda lililoliwa na popo usile, na popo usimguse wala kumfukuza kwa manati, kwa sababu anayewaua ndiye anayewasogelea. Tena popo hao ndio wanaosambaza mbegu na kuchavusha miti yetu mingi.

Kuhusu swali la kufa, sikumwahidi kitu nisichokijua. Nilimwambia mama hana homa wala dalili yoyote hadi leo, na kila siku inayopita hivyo ni siku njema. Siku ile ilikuwa ya 11.

Sikumtajia idadi, lakini ninyi ni watu wazima. Katika mlipuko wa Biharamulo, wagonjwa wawili walithibitishwa na wengine wanane wakahesabiwa kuwa yumkini walikuwa nao. Wote kumi walifariki. Miaka miwili kabla, mwaka 2023, mlipuko wa kwanza nchini, huko huko Kagera, ulikuwa na wagonjwa tisa, sita wakafariki. Wakati ule hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa dhidi ya Marburg. Kinachookoa ni kuwahi huduma. Hofu ya mtoto yule haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa hofu yetu sote, ila yeye aliibeba peke yake.

Na aliitua akiwa anafunga uzi. Hili ndilo ninalotaka wazazi mlichukue. Ukimkalisha mtoto mbele yako na kumwambia "niambie una nini", wengi watajibu "sina kitu". Mpe kazi ya mikono, kaa ubavuni mwake, macho yenu yote yawe kwenye kazi, na uwe tayari kunyamaza. Maneno hujitokeza yenyewe, katikati ya gundi na uzi. Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo maana mazungumzo mengi ya shangazi na mtoto yalifanyika wakati wa kumenya ndizi au kupukuchua mahindi.

Siku nyingine aliuliza kama helikopta ingeweza kumpelekea mama dawa bila mtu kumgusa. Nikamweleza kwamba ng'ambo ya Rusumo, kwa jirani zetu Rwanda, tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini, na kituo kimojawapo kiko Kayonza, mkoa wao wa mashariki. Kwetu pia, mwaka 2018 ndege ya namna hiyo ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka Mwanza, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Aliandika "Kayonza" kwenye daftari lake, chini ya mizunguko 70.

Kila jioni mama yake alipiga simu, na badala ya kimya cha wiki ya kwanza, mtoto alikuwa na habari: leo imefika wapi, mpira gani umekatika, jirani gani amekuja kuomba kufundishwa. Wifi aliniambia baadaye kwamba zile taarifa ndizo zilizomsaidia yeye pia. Mtu aliyetengwa anachoka kuulizwa joto lake. Kusikia kwamba helikopta imenasa kwenye mgomba kulimfanya acheke.

Siku ya 21 ilipita bila homa. Alipokuja Ngara, kijana alisema "shikamoo mama", akampa daftari kwanza, kisha akamkumbatia. Machi 13, 2025, mlipuko ulitangazwa kwisha.

Huhitaji mlipuko wa ugonjwa ili kukaa na mwanao. Tangu Desemba 2021 nchi yetu ina programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto hadi miaka minane, na uchangamshi wa awali unaopatikana kwa mchezo ni sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili asikae kabisa. Mtoto wa miaka mitano hadi 17 anatakiwa kutumia mwili kwa nguvu kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto anayeikimbiza helikopta kati ya migomba hamalizi saa bila kutoka jasho.

Kabla hamjaanza, zingatieni haya. Mchezo huu unawafaa watoto wa kuanzia miaka sita au saba, na mtu mzima awepo. Shanga, klipu na raba bendi ziwekwe mbali na walio chini ya miaka mitatu, kwa sababu huweka kila kitu mdomoni na wanaweza kupaliwa. Pembe za mabawa zikatwe ziwe mviringo. Wakati wa kurusha, uso usiwe juu ya pangaboi, na asielekezewe mtu, kwa kuwa jicho haliwezi kununuliwa stendi. Raba bendi ikionyesha nyufa ibadilishwe, maana ikikatika inachapa. Mpira ukianza kujaa vifundo kutoka juu hadi chini, acheni kusokota, imetosha.

Na helikopta ya kwanza ikigoma kupaa, usimnyang'anye mtoto ili uitengeneze wewe. Mwache aipime kiganjani.